Ndugu Yako Kavunja Masharti ya "Kifungo cha Nje": Akiba Yenu Iende kwa Wakili?

Mwezi huu tuweke pembeni mambo ya michango ya harusi na send-off. Tuongee kitu ambacho wapenzi wengi wanakiongelea chumbani tu, tena kwa sauti ya chini. Ni kuhusu yule kijana wa nyumbani, mtu mzima kwa umri, ambaye pombe au dawa za kulevya zimemzidi nguvu. Mahakama ilishamhurumia mara moja, na sasa anaitwa tena. Wazazi hawana kitu, kwa hiyo simu inakuja kwako.

Kwetu simu ilitoka Mpanda. Mama yangu mdogo anaishi kule, na mwanawe wa mwisho ana miaka 24. Kwa mila zetu huyo ni mdogo wangu kabisa, siyo binamu. Alianza na viroba akiwa bado shule, kabla serikali haijavipiga marufuku mwezi Machi 2017. Viroba vikaondoka, kiu ikabaki, akahamia kwenye gongo na bangi. Mwaka jana akaiba paneli ya sola na betri ya jirani. Mahakama ikamwonea huruma, ikamwachia chini ya uangalizi kwa miaka miwili. Masharti yalikuwa aripoti kwa afisa, asihame bila kusema, asiguse pombe.

Miezi mitano mambo yakawa safi. Halafu akawafuata wenzake kwenye machimbo ya dhahabu, na mnajua tena ukanda ule wa Katavi, kijana akisikia jiwe limetoa anaacha hata sahani mezani. Hakuripoti wiki saba. Aliporudi alikuwa amekonda, ananuka gongo, na wito wa mahakama ulikuwa unamsubiri.

"Mwanangu, huyu wanamfunga," mama mdogo aliniambia. "Nyie mko mjini, mnajuana na watu. Mtafutieni wakili."

Mimi na mwenzangu tulikuwa na akiba ya kununua kiwanja. Usiku ule aliniuliza swali moja tu: "Tukilipa leo, akinywa tena keshokutwa, tutalipa mara ngapi?" Sikumnunia. Ni swali ambalo kila mke na kila mume ana haki ya kuuliza. Majibu yake ndiyo haya.

KWANZA, JUENI ALIPEWA NINI

Mtaani tunasema "kifungo cha nje" kana kwamba ni kitu kimoja. Kumbe kuna amri angalau tatu tofauti, na kila moja ina mlango wake wa kutokea.

Ya kwanza ni kuachiwa kwa masharti chini ya Kanuni ya Adhabu. Hapo sharti kubwa ni kutotenda kosa jingine kwa muda usiozidi miezi 12. Ya pili ni amri ya uangalizi, ile wanayoiita probesheni. Hiyo huwa ya kati ya mwaka mmoja na miaka mitatu, ina afisa wa kumfuatilia, na inaweza kuwa na masharti ya mahali pa kuishi na mwenendo. Ya tatu ni huduma kwa jamii, iliyoletwa na sheria ya mwaka 2002, ambapo mtu anafanya kazi bila malipo kwa faida ya umma badala ya kukaa gerezani.

Kwa nini nawachosha na haya? Kwa sababu aliyeachiwa chini ya ile ya kwanza hajavunja kitu kwa kutoripoti tu, lakini wa probesheni amevunja. Wakili mzuri kabla hajafungua mdomo ataomba nakala ya amri aisome. Ukikutana na anayekuambia "nipe hela, mimi namjua hakimu" bila kuuliza amri ilisema nini, shika mkoba wako uondoke.

KUVUNJA SHARTI SIYO LAZIMA JELA

Hapa ndipo familia nyingi zinapoteza mtoto. Wanasikia neno "kuvunja masharti", wanamficha kwa shangazi Tabora, wanampandisha treni usiku. Jamani! Asipoitikia wito, mahakama inaweza kutoa hati ya kumkamata, na anayeletwa kwa pingu anaonekana tofauti kabisa na aliyekuja kwa miguu yake.

Sheria ya uangalizi inampa hakimu nafasi ya kuchagua. Akiridhika kwamba sharti limevunjwa, anaweza kumpiga faini na kuacha uangalizi uendelee, au anaweza kumwadhibu kwa lile kosa la mwanzo. Ila akitenda kosa jipya ndani ya kipindi hicho, hali inakuwa nzito zaidi. Kazi ya wakili inaishi katikati ya njia hizo mbili. Siyo kudanganya kwamba kijana hakwenda machimboni. Ni kumwonyesha hakimu kwa nini kumwacha nje bado kuna maana.

Na hilo halionyeshwi kwa machozi ya mama, linaonyeshwa kwa karatasi. Barua ya hospitali kwamba ameanza tiba, tena kabla ya siku ya kesi. Barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mtu mwenye kazi yake aliye tayari kuishi naye na kusimama mbele ya mahakama. Na maelezo ya yule afisa wa uangalizi, ambaye familia nyingi zinamwona adui wakati neno lake lina uzito kuliko la mtu yeyote pale ndani. Nendeni mkamwone mapema, bila bahasha. Bahasha ni rushwa, na itageuza kesi moja kuwa mbili.

NANI MTEJA WA WAKILI?

Hili liliwashangaza wazee. Mama mdogo alitaka wakili amweleze kila alichosema mwanawe. Wakili akamjibu kwa heshima: "Mama, wewe unalipa, lakini mteja wangu ni yeye."

Ni kweli. Mtu akishafikisha miaka 18, siri zake kwa wakili ni zake. Wewe unayetoa pesa huwezi kuamua akiri au asikiri. Unachoweza ni kupanga na kijana mwenyewe, mbele ya wakili, mambo gani familia iambiwe. Mkiliweka hilo wazi siku ya kwanza, mnaepuka ugomvi mkubwa baadaye.

KAMA MFUKO HAURUHUSU

Tusidanganyane, si kila mtu ana hela ya wakili. Tangu mwaka 2017 tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria. Asiye na uwezo anaweza kuomba msaada kwa watoa huduma waliosajiliwa, na katika kesi ya jinai hakimu akiona haki inahitaji hivyo anaweza kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada. Kijana aseme mwenyewe mahakamani: "Mheshimiwa, sina uwezo wa wakili, naomba msaada." Anzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, muulizeni nani wamesajiliwa hapo. Mwaka 2023 ilizinduliwa pia kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia. Wasaidizi wa kisheria watawaelekeza na kuwasaidia kuelewa, ila hawaruhusiwi kusimama mahakamani kama wakili.

Mkiamua kulipa, chungeni vishoka, wale wa suti moja wanaozunguka nje ya mahakama. Jina la wakili hukaguliwa kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili, na leseni yake huhuishwa kila mwaka. Ulizeni bei ya kazi yote, siyo ya "kuanzia", na mdai risiti.

Na kama adhabu imeshatolewa na hamkuridhika, msikae mkilia. Kutoka Mahakama ya Wilaya, kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Rufaa hizo huenda Mahakama Kuu. Kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya ni siku 30.

TIBA NAYO NI UTETEZI

Mwaka 1989 kule Miami, Marekani, walianzisha mahakama maalumu ya watumiaji wa dawa za kulevya, hakimu akawa anafuatilia tiba ya mtu kama anavyofuatilia kesi. Hata kwetu, wakili akiwa na mpango wa tiba mkononi ana cha kusema.

Ila mjue tiba ya nini. Methadoni, iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na baadaye mikoani kama Mbeya, Mwanza na Dodoma, ni kwa walionaswa na heroini. Haitibu gongo wala bangi. Kwa pombe, anzieni hospitali ya mkoa, na msimfungie chumbani "aisahau". Mlevi wa siku nyingi akikatishwa ghafla anaweza kupata degedege na kufa. Akishatulia ndipo ushauri nasaha unaanza, na huo ni wa miezi, siyo wiki. Kurudia kunywa ni sehemu ya ugonjwa, lakini kuacha kuripoti ni uamuzi. Tulimwambia hivyo mdogo wetu bila kumtukana.

AKIBA JE?

Tulikubaliana na mwenzangu kabla ya kutuma hata senti. Sehemu moja ya akiba ingelipa wakili kwa shauri hilo tu. Sehemu ya pili ingelipa tiba, na ingekwenda hospitali moja kwa moja, siyo mkononi mwa kijana wala kwa mama mdogo ambaye huruma inamshinda. Iliyobaki haiguswi, hata simu ilie usiku wa manane.

Mahakama ilimpiga faini na uangalizi ukaendelea. Faini analipa mwenyewe kwa kubeba mpunga mashineni, na tulikataa kumsaidia hiyo. Mama mdogo alinuna kidogo, sasa tunasalimiana vizuri. Kiwanja kimesogea mwaka mmoja mbele. Kama kijana atafika mwisho wa ile miaka miwili, sijui, na mwenzangu hajui.

Kwa hiyo wewe na mwenzako mkipigiwa simu ya namna hii, msijibu siku hiyo hiyo. Kaeni chini, andikeni kiasi mnachoweza kupoteza bila kuvunja nyumba yenu, kisha pigeni simu ya pamoja nyumbani. Mwambieni mama: "Tutalipa wakili na hospitali, kwa kiasi hiki, kwa mara hii. Yeye alete miguu yake mahakamani."