Nyumba ya Wanga na Ndugu Aliyepelekwa Kimilili

Wabukusu hawakuwahi kuwa raia wa Nabongo, mfalme wa Wanga. Hilo lisemwe mapema, kwa kuwa mtoto anayesoma hapa Kibomet husikia Mumia akiitwa mfalme wa Waluhya wote, ilhali babu zake waliishi ndani ya maboma yao, wakiongozwa na wazee wa koo zao.

Ufalme wa Wanga ulikuwa mikononi mwa ukoo mmoja, Abashitsetse. Makao yake yalikuwa Elureko, mji wa Mumias wa leo, na nguvu zake zilitokana zaidi na ustadi wa kupokea wageni. Nabongo Shiundu aliwakaribisha Wamaasai wa Uasin Gishu waliofurushwa na vita kwao, akawafanya wapiganaji wake. Mwanawe Mumia, aliyetawazwa mwaka 1882, aliendelea kuipokea misafara ya pembe kutoka Pwani. Joseph Thomson alipita mwaka 1883, Askofu Hannington mwaka 1885. Wote walihitaji chakula, mapumziko na usalama safarini, na mwenye kuvitoa alikuwa Mumia. Hesabu hiyo aliipiga vizuri kuliko jirani yeyote.

Mwaka 1895 C. W. Hobley alifika Elureko kuanzisha utawala wa Waingereza. Mwaka huohuo Wabukusu walikataa kusalimisha bunduki zilizokuwa mikononi mwao, wakashambuliwa Lumboka, kisha Chetambe karibu na Webuye. Wapiganaji wa Wanga walikuwa upande wa washambuliaji, na jeraha hilo halijasahaulika Bungoma.

Mwaka 1909 Mumia akapewa cheo cha chifu mkuu. Nduguze wakagawiwa nchi za watu wengine: Mulama akaenda Marama, Murunga akaletwa kwa Wabukusu, makao yake yakiwa Kimilili. Kodi na kazi za lazima zikadaiwa kwa sauti ya nyumba ya kifalme, ingawa amri zilitoka kwa mkoloni.

Ulaya ya kale iliyajua mambo haya. Ukoo wa Van Amstel wa Uholanzi, ambao Amsterdam ilichipuka katika ardhi yake, ulianza kama watumishi wa askofu wa Utrecht, ukajigeuza mabwana, kisha ukapoteza ardhi baada ya mauaji ya Floris V, mtawala wa Holland, mwaka 1296. Wanga walikwenda kinyume: walikuwa wafalme kwanza, ndipo wakafanywa watumishi. Kwa maoni yangu, hapo ndipo heshima yao kwa majirani ilipoharibika. Ufalme wenyewe haukuwa na dosari hiyo.

Fadhila za mkoloni hazikudumu. Mwaka 1920 makao ya wilaya yalihamishiwa Kakamega, na mwaka 1926 Mumia akastaafishwa. Aliishi hadi 1949. Cheo cha chifu mkuu hakikurithiwa, lakini unabongo ulirithiwa: ulimwendea mwanawe Shitawa, na baadaye Peter Mumia II.