Chetezo na Jiko Chumbani mwa Mzazi

Akina mama, kufukiza udi na ubani ni ada njema ya nyumba zetu, hasa chumbani mwa mzazi aliye katika arubaini. Lakini mkaa uwakao hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Hata makaa yasiyo na moshi huitoa, na manukato ya udi hayaiondoi. Huanza kwa maumivu ya kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu; aliyelala huenda asiamke. Basi fungueni madirisha mfukizapo, na kabla ya kulala toeni nje chetezo na jiko. Mtume (S.A.W.) alitukataza kuacha moto ukiwaka majumbani tulalapo. Akilegea mtu, mtoeni penye hewa safi, kisha mpelekeni hospitali upesi.