Bisibisi na Skrubu: Kwa Nini Kichwa Hulika?

Kampeni ya "Mtu ni Afya" ilipoendeshwa nchini Tanzania mwaka 1973, vikundi vya watu wazima vilikusanyika kusikiliza masomo yake redioni. Mwaka 1995 Redio Kwizera ilianzishwa Ngara. Katika vijiji vya Ngara na Biharamulo, kama vile Kaniha, redio ya zamani inaponyamaza, kasoro yaweza kuwa ndogo tu: waya uliokatika au kutu kwenye swichi. Hata hivyo, fundi hawezi kuifikia iwapo kichwa cha skrubu kimelika.

Sababu ya kulika huelezwa na fizikia ya shule. Tuseme mpini wa bisibisi una nusu kipenyo cha milimita 15, nao unazungushwa kwa kani ya niutoni 20. Momenti yake ni 20 x 0.015 = 0.3 niutoni-meta. Momenti hiyo hiyo hufika kwenye ncha, ambako nusu kipenyo ni milimita 1.5 tu, kwa hiyo kani huwa niutoni 200, yaani mara 10. Ncha inayojaza mfuo huisambaza kani hiyo. Ncha ndogo hugusa kingo tu; eneo likipungua, kanieneo huongezeka, na chuma hulika.

Tena, skrubu za msalaba si za aina moja. Muundo wa Phillips, wenye jina la Mmarekani Henry F. Phillips (si kampuni ya Philips ya Uholanzi), una kuta zilizoinama; momenti ikizidi, ncha husukumwa nje. Msalaba wa kiwango cha Japani hufanana nao, lakini vipimo vyake ni tofauti kidogo. Mara nyingine huwa na nukta moja kichwani. Pozidriv, ipatikanayo katika vyombo vya Ulaya, ina mistari minne myembamba kati ya mikono ya msalaba. Kila aina ina ncha yake.

Basi, kwanza redio itenganishwe na umeme au betri zitolewe. Mfuo usafishwe. Ichaguliwe ncha kubwa kuliko zote zinazoingia hadi chini bila kuchezacheza. Bisibisi isimamishwe wima, igandamizwe kwa nguvu, ndipo izungushwe polepole. Skrubu yenye kutu itiwe tone la mafuta na kusubiriwa. Jambo la mwisho: viini vya koili ndani ya redio si skrubu za kufungua. Bisibisi ya chuma huweza kuvivunja, na redio ikapoteza stesheni zake.