Kupima Anga kwa Mwanga Usioonekana

Ndugu wanafunzi, katika somo la falaki mara nyingi tunataja nyota zinazoonekana kwa macho. Leo tutaeleza namna wataalamu walivyopanga kuziandikisha hata zile zisizoonekana.

Ukisogeza kiganja karibu na pasi ya mkaa gizani, utahisi joto ingawa huoni mwanga. Joto hilo hukufikia kwa mwanga uitwao infraredi, uliogunduliwa na William Herschel mwaka 1800. Faida yake ni kuwa hupenya vumbi la angani linaloficha nyota nyingi.

Lakini mwanga huo una taabu zake. Mvuke wa maji ulio hewani huuzuia kwa sehemu kubwa, na hewa yenyewe, hata darubini, hutoa infraredi. Kwa hiyo anayetaka kupima anga yote akiwa ardhini ni lazima kwanza ajibu maswali matatu: Wapi? Kwa chombo gani? Kwa muda gani?

Tuchukue mfano wa mradi wa 2MASS, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani.

Kwanza, walichagua milima miwili mikavu: Mount Hopkins, Arizona, na Cerro Tololo, nchini Chile. Kwa nini miwili? Kwa sababu aliye kaskazini hazioni nyota za kusini kabisa, na aliye kusini hazioni za kaskazini kabisa.

Pili, walitumia darubini mbili zinazofanana, zenye kioo cha upana wa mita 1.3 tu. Kamera zake zilipozwa kwa naitrojeni iliyogeuzwa kimiminika, ili joto lake lisichanganyike na mwanga wa nyota.

Tatu, kila sehemu ya anga ilipewa sekunde 7.8, yaani picha sita fupi zilizojumlishwa.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mgumu. Wangekazia macho mahali pamoja, wangeona nyota hafifu zaidi, lakini anga isingekamilika. Wakachagua kuona kote. Kazi ilianza mwaka 1997 ikaisha mwaka 2001, na daftari lao lina nukta za mwanga zaidi ya milioni 470, nyingi zikiwa nyota. Mojawapo ni nyota hafifu iliyokuja kuitwa TRAPPIST-1. Mwaka 2017 ilitangazwa kuwa inazungukwa na sayari saba.

Basi ndugu wanafunzi, tusidharau kazi ndogo iliyopangwa vizuri. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa sekunde chache chache anga nzima ilikamilika.