Je, Queen inaweza kuwa kinara wa Glastonbury?

KATIKA orodha ya bendi kubwa za roki za Uingereza ambazo hazijawahi kupanda Jukwaa la Piramidi la Tamasha la Glastonbury, lipo jina moja linalowashangaza wengi kila linapotajwa, nalo ni Queen. Bendi hiyo iliundwa mwaka 1970, mwaka uleule ambao tamasha hilo lilifanyika kwa mara ya kwanza. Imejaza viwanja vya mpira kuanzia Amerika ya Kusini hadi Japan. Lakini katika shamba la ng'ombe wa maziwa la Worthy Farm, kijijini Pilton, mkoa wa Somerset, haijawahi kupiga hata wimbo mmoja.

Swali la kama wakongwe hao wanaweza kupewa usiku mmoja wa kufunga jukwaa hilo limekuwa likirudi mara kwa mara, hasa tangu filamu ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 ilipowaleta kwa kizazi ambacho hakikuwa kimezaliwa mwimbaji wao alipofariki dunia. Kwa wasomaji wa upande huu wa dunia swali hilo lina uzito wa pekee, kwani mwimbaji huyo, Freddie Mercury, alizaliwa Mji Mkongwe, Unguja, Septemba 5, 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, mtoto wa familia ya Waparsi ambayo baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Familia hiyo ilihamia Uingereza mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Ili kulielewa swali lenyewe, yafaa kwanza kufahamu maana ya kuwa mtumbuizaji mkuu huko Glastonbury. Tamasha lina majukwaa mengi na wasanii wengi, lakini nafasi zinazogombewa ni tatu tu: usiku wa Ijumaa, wa Jumamosi na wa Jumapili katika Jukwaa la Piramidi. Anayepewa nafasi hiyo hupanda mwisho, wengine wote wakiwa wamekwisha kushuka, mbele ya umati unaotoka katika tamasha lenye watu wapatao 200,000, huku mamilioni wakitazama kupitia BBC. Mwaka 1970 waliohudhuria walikuwa 1,500. Walilipa pauni moja na kupewa maziwa ya bure.

Ipo pia nafasi ya nne ambayo wageni huichanganya na hizo tatu. Ni ile ya Jumapili alasiri, iliyotengwa kwa magwiji. Dolly Parton aliichukua mwaka 2014, Barry Gibb mwaka 2017, Diana Ross mwaka 2022 na Rod Stewart mwaka 2025. Ni heshima kubwa, na mara nyingine umati wake huwa mkubwa kuliko wa usiku, lakini ndani yake mna ujumbe usiosemwa kwa sauti: kwamba mzee amekuja kusalimia, na usiku ni wa wengine. Bendi kama Queen kuombwa ije saa kumi jioni, jua likiwaka, taa zake zote zikiwa hazionekani, ni jambo gumu kulifikiria.

Umri peke yake si kikwazo. Historia ya karibuni inathibitisha hivyo bila shaka yoyote. Mwaka 2013 The Rolling Stones walipanda jukwaa hilo kwa mara ya kwanza, miaka 51 tangu bendi hiyo iundwe. Mick Jagger alikuwa na umri wa miaka 69, akikaribia kutimiza 70 mwezi uliofuata. Kabla yao The Who walikwisha kufunga tamasha mwaka 2007, na wakarudi kufanya hivyo mwaka 2015. Neil Young alikuwa kinara mwaka 2009 na tena 2025. Mwaka 2022 Paul McCartney, aliyekuwa ametimiza miaka 80 wiki moja tu kabla, alipiga muziki kwa karibu saa tatu. Mwaka uliofuata Elton John alitumia usiku wa Jumapili kufunga safari yake ya kuaga nchini Uingereza, na zaidi ya watu milioni 7 walimtazama kwenye televisheni.

Kwa hiyo, anayesema kwamba Glastonbury ni ya vijana na wazee hawana nafasi anasema jambo ambalo waandaaji wenyewe hawaliamini. Malalamiko makali zaidi kuhusu mtumbuizaji mkuu hayakumhusu mzee. Yalikuja mwaka 2008, alipochaguliwa Jay-Z, mwanamuziki wa hip hop, na mpinzani wake mkubwa alikuwa Noel Gallagher wa Oasis, mtu wa magitaa. Jay-Z alikuja, akatumbuiza, na mjadala ukafungwa.

Swali zito zaidi ni kama Queen ya leo bado ni Queen.

Mercury alifariki Novemba 24, 1991. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alistaafu mwaka 1997 na tangu hapo hajihusishi na shughuli za jukwaani. Wamebaki wawili: Brian May, mpiga gitaa, na Roger Taylor, mpiga ngoma. Kati ya mwaka 2004 na 2009 walishirikiana na mwimbaji Paul Rodgers. Baadaye wakampata Adam Lambert, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1982, miaka 12 baada ya bendi kuanzishwa, ambaye alijulikana kupitia shindano la televisheni la American Idol mwaka 2009. Jina wanalolitumia ni Queen likifuatiwa na alama ya kujumlisha na jina la Lambert. Alama hiyo ndogo imebeba mzigo mkubwa. Inakiri kwamba mwimbaji si mrithi wa Mercury bali ni mgeni rasmi, na wakati huohuo inawaruhusu wawili waliobaki kuendelea kulitumia jina.

Wapo mashabiki wasiokubali. Hoja yao ni kwamba sauti ndiyo iliyokuwa bendi, na kwamba kilichobaki ni kumbukumbu inayouzwa. Hoja hiyo ina nguvu, ila inasahau kwamba nyimbo kubwa za Queen hazikuandikwa na mtu mmoja. Wanamuziki wote wanne walitunga nyimbo zilizovuma. Wanaofuatilia muziki wa dansi nchini Tanzania wanalijua jambo hili vizuri. Msondo Ngoma, iliyoanza mwaka 1964 ikiitwa NUTA Jazz, iliendelea kupiga baada ya kumpoteza TX Moshi William mwaka 2006, na hakuna aliyesema kwamba jina limekufa pamoja na mwimbaji.

Tena Glastonbury yenyewe imekwisha kuonyesha kwamba marehemu hawazuiwi langoni. Katika onyesho lake la 2022 McCartney aliimba pamoja na John Lennon, aliyeuawa mwaka 1980, kwa kutumia picha ya video. Queen wamekuwa wakifanya hivyo katika maonyesho yao: May huketi peke yake na gitaa, kisha Mercury hutokea kwenye skrini na kuupokea wimbo. Wakosoaji huona ni ujanja wa kuwatoa watu machozi. Huenda ni kweli, lakini machozi ya uwanja mzima si kitu cha kubezwa katika tamasha.

Iwapo kinachotakiwa ni ushahidi wa uwezo, ushahidi upo. Bendi hii ni miongoni mwa zilizofundisha dunia namna ya kuutawala umati wa nje. Mwaka 1976 ilipiga bure katika bustani ya Hyde Park, London, mbele ya watu wanaokadiriwa kufikia 150,000. Januari 1985 ilikuwa kinara wa tamasha la kwanza la Rock in Rio nchini Brazil. Julai 13 mwaka huohuo, katika tamasha la hisani la Live Aid, uwanja wa Wembley, ilipewa dakika zipatazo 20 tu kama wengine wote, na hadi leo ndizo dakika zinazokumbukwa kuliko zote za siku ile. Watu hawakuwa wamekwenda kuitazama Queen peke yake. Walikwenda kuwatazama wasanii wengi. Huo ndio mtihani wa tamasha, ambao ni tofauti na onyesho la bendi moja lenye mashabiki walionunua tiketi kwa ajili yake.

Itasemwa kwamba hayo ni ya enzi za Mercury. Lakini hata wakiwa na Lambert, Queen walirudi Rock in Rio kama kinara mwaka 2015, na Juni 2016 walifunga Tamasha la Isle of Wight nchini Uingereza kwenyewe. Mwaka 2022 walifungua sherehe za muziki mbele ya kasri la Buckingham, katika maadhimisho ya miaka 70 ya utawala wa Malkia Elizabeth. Bendi inayoaminiwa kufungua shughuli ya namna hiyo haiwezi kuambiwa kwamba jukwaa la shambani ni kubwa mno kwake.

Fedha ni habari nyingine. Emily Eavis, anayeendesha tamasha hilo lililoanzishwa na baba yake, Michael Eavis, amewahi kueleza kwamba malipo yao kwa watumbuizaji wakuu huenda hayafiki asilimia 10 ya kile ambacho wasanii hao hulipwa kwenye matamasha mengine makubwa ya Uingereza. Sehemu kubwa ya faida hupelekwa kwa mashirika kama Oxfam, Greenpeace na WaterAid. Linganisha na tamasha la Desert Trip la Oktoba 2016 huko California, lililowakusanya wakongwe watupu: The Rolling Stones, Bob Dylan, McCartney, Neil Young, The Who na Roger Waters. Lilifanyika kwa wikiendi mbili na kuingiza takriban dola milioni 160. Bendi kongwe inayopanga ratiba yake kwa hesabu ya fedha haiwezi kuichagua Somerset.

Waandaaji wanaweza kulipa kidogo kwa sababu hawamhitaji mtu yeyote mmoja ili kuuza. Tiketi za tamasha la 2025 zilimalizika kwa muda wa dakika 35 hivi, Novemba 2024, kabla watumbuizaji wakuu hawajatangazwa. Katika biashara ya kawaida ya muziki jina kubwa ndilo linalouza kiingilio. Hapa kiingilio kimekwisha kuuzwa, na jina kubwa linakuja kutafuta heshima. Ndiyo maana majadiliano na wakongwe huwa marefu. Mwaka 2013 The Rolling Stones hawakukubali onyesho lao lote lirushwe na BBC. Watazamaji wa nyumbani walipata sehemu tu. Januari 2025 Neil Young alitangaza kwamba haendi, akiilaumu BBC, kisha akabadili uamuzi na kwenda.

Kikwazo kilichowazuia Queen, hata hivyo, hakikuwa fedha wala BBC. Kilikuwa mnyama.

Nchini Uingereza wapo wanyama wa porini wenye mistari myeupe na myeusi usoni, jamaa wa nyegere wetu, ambao serikali iliruhusu wauawe kwa maelfu kuanzia mwaka 2013 kwa hoja kwamba wanaeneza kifua kikuu kwa ng'ombe. Wafugaji wengi wa maziwa waliunga mkono hatua hiyo, na Michael Eavis ni mfugaji wa maziwa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Brian May, kwa upande wake, ni mmoja wa wapinzani wakubwa wa mauaji hayo. Amefadhili kampeni, ameandamana, na mwaka 2024 alionekana katika kipindi cha BBC kuhusu suala hilo. Amewahi kutamka hadharani kwamba msimamo wa Eavis ni sababu ya yeye kutopenda kupiga Glastonbury, na kwamba mzee huyo amemtukana mara nyingi. Wote wawili sasa wana cheo cha Sir, May tangu mwaka 2023 na Eavis tangu 2024, lakini cheo hakijawapatanisha.

Yapo yanayoweza kulegeza fundo hilo. Uendeshaji wa tamasha uko mikononi mwa binti, na Eavis, aliyezaliwa mwaka 1935, si tena mwenye neno la mwisho juu ya nani apande jukwaani. Ugumu uliopo ni kwamba May hapingi mtu, anapinga jambo. Na mtu aliyetumia miaka zaidi ya kumi kulitetea jambo hawezi kuliacha kwa ajili ya saa mbili za muziki.

Na saa zenyewe zinakwenda. May alizaliwa Julai 1947, Taylor Julai 1949. Septemba 2024 May alieleza kwamba alikuwa amepata kiharusi kidogo kilichomfanya apoteze kwa muda uwezo wa kuutawala mkono wa kushoto, ambao kwa mpiga gitaa wa mkono wa kulia ndio unaotafuta noti. Nafuu ilikuja. Aprili 2025 alipanda jukwaa la Coachella, California, kumsindikiza kijana Benson Boone katika wimbo wa Bohemian Rhapsody, na Septemba mwaka huo yeye na Taylor walishiriki usiku wa mwisho wa maonyesho ya Proms jijini London, katika kuadhimisha miaka 50 ya wimbo huo. Mwonekano mfupi wa namna hiyo na onyesho kamili la kufunga tamasha ni kazi mbili tofauti kabisa. Safari kubwa ya mwisho ya bendi na Lambert ilimalizikia Tokyo, Februari 2024.

Glastonbury iliuweka mwaka 2026 kuwa wa kupumzisha ardhi, kama ifanyavyo kila baada ya miaka kadhaa ili nyasi na ng'ombe warudi katika hali yao, na nafasi inayofuata ni ya mwaka 2027. Wakati huo May atakuwa anakaribia miaka 80, umri aliokuwa nao McCartney. Kimuziki, Queen na Lambert wanaimudu kazi hiyo kuliko nusu ya waliowahi kuifanya. Kinachosubiriwa ni simu moja kutoka Pilton, na iwapo itapigwa, May aipokee.