Mwili na Homoni (2): Rovu Halianzii Shingoni

Juma lililopita tuliitazama tezi dundumio, yaani thairoidi, iliyokaa mbele ya koo kwa umbo la kipepeo. Leo tuulize: nani huiambia itoe homoni kiasi gani?

Amri hutoka kichwani. Haipothalamasi, sehemu ya ndani ya ubongo, huiamsha tezi ya pituitari iliyo chini yake, yenye ukubwa wa punje ya njegere. Pituitari nayo humwaga homoni ya TSH kwenye damu, na TSH ndiyo inayoisukuma dundumio kufanya kazi. Homoni za dundumio zikishatosha, zenyewe huizuia pituitari, na TSH hushuka. Zikipungua, kizuizi hulegea na TSH hupanda. Ndiyo maana kipimo cha TSH kikisoma juu, mara nyingi maana yake ni kwamba dundumio imelegea. Wengi hudhani kinyume chake.

Homoni inayotoka kwa wingi ni T4, yenye atomi nne za iodini. Ini na figo huiondolea atomi moja ikawa T3, ambayo ndiyo yenye nguvu hasa. T4 huchukua takriban siku 7 kupungua nusu katika damu, kwa hiyo daktari akikubadilishia dozi ya homoni hii husubiri kama wiki 6 ndipo apime tena. Si uzembe.

Sasa, iodini ikikosekana? Pituitari haijui kwamba malighafi imekwisha. Inachoona ni upungufu wa homoni tu, basi huongeza TSH siku baada ya siku, na dundumio, kwa kuhimizwa hivyo, huvimba. Hilo ndilo rovu la nyanda za juu, kama Mbeya na Iringa, ambako mvua za karne nyingi zimeosha iodini ardhini. Katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti waligundua jambo la ziada: sianidi ya muhogo usioandaliwa vizuri hugeuka mwilini kuwa kemikali inayoizuia iodini isiingie katika tezi.

Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 tu za iodini kwa siku. Mjamzito 250, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni unazitegemea homoni hizi. Mama mwenye rovu, usikimbilie kuchanjwa chale. Nenda ukapimwe TSH, na nyumbani nunua chumvi yenye madini joto, yaani iodini, uihifadhi pakavu na kuifunika.