Namba Kubwa Kuliko Zote Kaptembwo

Kikokotoo changu cha kwanza kilikuwa Casio fx-82MS. Mama alikinunua Nakuru mjini kwa pesa za kuuza omena. Mtaani kwetu Kaptembwo hakuna aliyekiita kikokotoo. Kilikuwa kalkuleta, na jina langu nililichora kwenye kifuniko kwa ncha ya kompasi. Tangu siku hiyo nafuatilia rekodi za mashine hizi kama wengine wanavyofuatilia mechi za Gor Mahia.

Kwa uzito, naanza na Sharp CS-10A ya Japani, 1964: kilo 25. Chukua beli ya unga ya pakiti 12 za kilo mbili, kisha ongeza kilo moja. Kwa wembamba kuna Casio SL-800 ya 1983: unene wa milimita 0.8, uzito wa gramu 12. Ni miaka 19 tu! Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1971, Busicom LE-120A iliingia mfukoni, na 1972 ikaja HP-35, ya kwanza ya mfukoni yenye sine na logi. Bill Hewlett wa HP alitaka itoshe mfuko wa shati. Bei yake: dola 395.

Kwa ukongwe, siendi mbali. Mwaka 1950, mtafiti Jean de Heinzelin alichimbua mfupa huko Ishango, kando ya Ziwa Edward, Kongo, wenye umri wa miaka kama 20,000. Una safu tatu za mikato: mbili zina jumla ya 60 kila moja, ya tatu 48. Wataalamu wanabishana kama ni hesabu. Mimi naamini ni hesabu. Uko Brussels, na ningefurahi ukirudi ziwani.

Lakini rekodi niipendayo niliipata nyumbani, stima zikiwa zimepotea. Kwa mwanga wa koroboi nilibonyeza 69, SHIFT, kisha kitufe cha faktoria: 1 mara 2 mara 3, mpaka 69. Kioo kikaandika 1.711224524, na 98 ndogo pembeni. Tarakimu 99! Nikajaribu 70, kikagoma, kwa maana jibu lake lina tarakimu 101 na chenyewe mwisho wake ni 100.

Nikamwonyesha mama.

"Hizo ni pesa ngapi?"

"Mama, dunia nzima haina pesa za kufika hapo."

Akakitazama kioo kwa muda, kisha akafungua fundo la leso na kumwaga sarafu mezani. "Haya, nihesabie na hizi."